Thamani ya Hoteli Kongwe Iko Chini, Ukumbini

Hoteli ya Imperial jijini Tokyo, ile iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, ilikuwa ifanyiwe sherehe ya ufunguzi tarehe 1 Septemba 1923. Siku hiyohiyo tetemeko kuu la Kanto likauangusha mji. Hoteli ilibaki imesimama. Balozi zilizopoteza ofisi zikahamia humo, waandishi wa habari wakaifanya kituo chao, na kwa majuma kadhaa jengo la starehe likawa nguzo ya mji uliokuwa majivu. Miongo minne baadaye wamiliki walipiga hesabu wakaona kwamba jengo fupi lenye vyumba vichache haliwezi kulipia kiwanja cha thamani ile. Kati ya mwisho wa 1967 na mwanzo wa 1968 likabomolewa, na mnara ukachukua nafasi yake.

Watu walipopigania kuokoa chochote, kilichookolewa ni sehemu ya mbele na ukumbi wa mapokezi. Vilifunguliwa kipande kwa kipande, vikasafirishwa na kujengwa upya Meiji-mura, makumbusho ya wazi ya majengo ya kale karibu na Nagoya, na hadi leo mtu anaweza kuingia akasimama chini ya dari lile. Vyumba vya kulala vilikwenda na kifusi.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na una funzo kwa yeyote anayefikiria kulipa fedha nyingi ili alale katika hoteli ya kihistoria katikati ya mji. Msimamo wangu ni kwamba anacholipia mgeni huyo, hata asipokijua, ni ghorofa ya chini: ukumbi, ngazi, mgahawa, baraza, na uhusiano wa sehemu hizo na mji unaopita nje. Mji ukifungiwa nje ya ukumbi huo, zinabaki kuta za zamani na bei mpya. Na hilo ndilo linaloendelea kutokea, mji baada ya mji, kwa jina la ukarabati.

Tuanze na chumba, kwa kuwa ndicho kinachoandikwa kwenye risiti. Katika hoteli kongwe, chumba mara nyingi ndicho sehemu dhaifu kuliko zote, na sababu yake iko kwenye tarehe za ujenzi. Tremont House ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1829 kwa michoro ya Isaiah Rogers, huhesabiwa kuwa mama wa hoteli za kisasa: ilikuwa na dawati la mapokezi, vyumba vya mtu binafsi vyenye kufuli, na sabuni ya bure. Lakini vyoo vilikuwa chini, na mgeni alishuka kuvifuata. Savoy ya London ilipofunguliwa mwaka 1889 ilijivunia taa za umeme, lifti za umeme na mabafu mengi kuliko watu wa wakati ule walivyozoea. César Ritz alipofungua hoteli yake Paris mwaka 1898, kwenye uwanja wa Vendôme, kila chumba kilikuwa na umeme, simu na bafu lake chenyewe, jambo ambalo Ulaya ilikuwa bado haijalizoea.

Maana yake ni kwamba hoteli nyingi zilizojengwa kabla ya hapo, na hata miaka mingi baada ya hapo, hazikujengwa na bafu ndani ya chumba. Mabafu yaliingizwa baadaye, kwa kumega pembe ya chumba, kwa kula kabati au kwa kuunganisha vyumba viwili kuwa kimoja. Ndiyo maana katika jengo kama hilo vyumba viwili vyenye jina moja na bei moja vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kina dari refu na madirisha mawili yanayotazama barabara kuu, kingine ni chembamba na dirisha lake linatazama uwazi wa ndani ambako mitambo ya kiyoyozi inanguruma usiku kucha. Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya hoteli hulipita kimya. Matajiri wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walisafiri na watumishi wao, na watumishi hao walilazwa orofa za juu kabisa, chini ya paa, au upande wa nyuma. Vyumba vile havikuachwa vikae bure. Vimepakwa rangi, vikawekewa shuka nzuri, na leo vinauzwa kama daraja la chini la hoteli ileile. Mgeni anayechagua chumba cha bei nafuu kwenye hoteli ya kifahari ya zamani huenda analala pale alipolala mpiga pasi wa mgeni wa mwaka 1900.

Madirisha nayo. Sheria za kuhifadhi majengo ya kale katika miji mingi haziruhusu kubadilisha fremu na vioo vya mbele bila kibali kigumu, hivyo kelele za barabara zinaingia kama zilivyoingia enzi za magari ya farasi, ila sasa ni honi na pikipiki. Mabomba ya maji hugugumia ndani ya kuta. Lifti ni ndogo kwa sababu tundu lake lilikatwa kwa vipimo vya zamani. Yote haya ni tabia halali ya jengo lenye umri, na anayeyachukia asilaumiwe. Hoteli mpya itamfaa zaidi. Asiambiwe tu kwamba atapata starehe ya jengo jipya ndani ya ngozi ya jengo la kale. Hilo haliwezekani, na hoteli nyingi huliahidi.

Sasa tushuke chini.

Mjenzi wa leo hupima kila mita ya mraba kwa mapato yake. Wajenzi wa hoteli kubwa za zamani walifanya kitu ambacho mhasibu wa leo angekiona ni wazimu: walitoa ghorofa ya chini nzima, sehemu yenye thamani kuliko zote kwa sababu iko usawa wa barabara, wakaijaza ngazi za marumaru, kumbi, vyumba vya kusomea magazeti na korido pana zisizokuwa na kitanda hata kimoja. Walikuwa na hesabu zao. Wateja wao hawakuwa wanaolala tu. Mteja mkubwa alikuwa mji wenyewe: harusi zake, mikutano ya vyama vyake vya siasa, wafanyabiashara wake waliokuja kukutana mahali ambapo kila mtu anapajua, vijana waliokuja kuonana. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hoteli hizi zilijengwa juu ya mantiki hiyo. Mgeni alileta fedha na habari za mbali, mwenyeji alileta uhai, na wote wawili walikutana kwenye zulia moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Waldorf-Astoria ya New York. Ile ya kwanza, iliyotokana na kuungana kwa Waldorf ya 1893 na Astoria ya 1897, ilikuwa na korido ndefu iliyoitwa Peacock Alley, uchochoro wa tausi, kwa sababu watu wa mji walikuja kupita pale wakiwa wamevaa mavazi yao bora, watazame na watazamwe. Hawakuhitaji kuwa na chumba. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1929 kupisha Empire State Building. Hoteli mpya ilipofunguliwa Park Avenue mwaka 1931, ikiwa na orofa 47, ilibeba jina la korido ile na ikabeba pia saa kubwa ya mapambo iliyokuwa imeonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Kwa vizazi kadhaa wakazi wa New York waliambizana wakutane penye saa. Wengi wao hawakuwahi kulala Waldorf hata usiku mmoja, na bado wangekuambia kwamba hoteli ile ni yao.

Hata sheria, katika nchi nyingi, iliitambua hoteli kama mahali pa umma kwa namna fulani. Katika sheria ya kawaida ya Uingereza, mwenye nyumba ya wageni alikuwa na wajibu wa kumpokea msafiri yeyote mwenye uwezo wa kulipa, isipokuwa awe na sababu ya haki ya kumkataa. Duka lingeweza kumchagua mteja. Nyumba ya wageni haikuruhusiwa. Wajibu huu ulijaribiwa vibaya mwaka 1943, pale Learie Constantine, mchezaji mkubwa wa kriketi kutoka Trinidad, alipofika na familia yake kwenye hoteli ya Imperial ya London (si ile ya Tokyo), akiwa na nafasi aliyokwisha kuihifadhi. Aliambiwa anaweza kukaa usiku mmoja tu, kwa sababu kulikuwa na Wamarekani weupe wasiotaka kuwa na mtu mweusi chini ya paa moja. Constantine alikwenda mahakamani. Mwaka 1944 alishinda. Fidia ilikuwa gini tano tu, yaani pauni tano na ushei, kiasi cha mfano, lakini hukumu ilisema wazi kwamba hoteli ilivunja wajibu wake kwa msafiri. Wakati ule Uingereza haikuwa na sheria yoyote dhidi ya ubaguzi wa rangi, na silaha aliyoipata Constantine ilikuwa ile kanuni ya kale kwamba mlango wa nyumba ya wageni si mali ya mwenye nyumba peke yake.

Naitaja kesi hii kwa makusudi, kwa sababu simulizi za hoteli kongwe zina kawaida ya kupambwa mpaka zinasahau nani alisimamishwa mlangoni. Vibao vya shaba vinaorodhesha wafalme, marais na waigizaji waliolala hapo. Havisemi ni nani waliokataliwa. Mtu anayelipia historia anastahili kupewa historia nzima.

Cairo inatoa somo kali kuliko London. Hoteli ya Shepheard's, iliyoanzishwa mwaka 1841 na Mwingereza Samuel Shepheard, ilikuwa maarufu kwa baraza lake lililotazama barabara. Kutoka kwenye baraza lile maofisa wa Kiingereza, watalii na wafanyabiashara walikaa wakiitazama Misri ikipita chini yao. Walitazama tu. Kwa Mmisri wa kawaida, baraza lile lilikuwa alama ya nani anatawala na nani anatawaliwa. Tarehe 25 Januari 1952 wanajeshi wa Uingereza waliwaua makumi ya polisi wa Misri huko Ismailia. Kesho yake Cairo ikawaka, mamia ya majengo yakachomwa, na Shepheard's ilikuwa miongoni mwa yaliyolengwa. Ilibaki magofu. Miezi sita baadaye maofisa wa jeshi wakampindua Mfalme Farouk. Sisemi kwamba moto ulikuwa haki. Watu walikufa siku ile. Nasema kwamba hoteli iliyoishi zaidi ya miaka mia katikati ya mji bila kuwa ya mji ilijikuta haina wa kuitetea siku mji ulipokasirika.

Linganisha na yaliyotokea Savoy usiku wa tarehe 14 Septemba 1940. Mabomu ya Ujerumani yalikuwa yakiipiga London, na mashariki mwa mji, walikokaa maskini na wafanyakazi wa bandari, ndiko kulikokuwa kukifa watu wengi zaidi. Mahandaki ya kujikinga yalikuwa machache na mabovu. Savoy ilikuwa na handaki lake chini ya jengo, lenye vitanda na wahudumu. Phil Piratin, diwani Mkomunisti wa Stepney, aliongoza kundi la wakazi wa mtaa wake, wakiwemo wanawake na watoto, wakatembea hadi mlango wa Savoy na kudai waingie. Waliingia. Wafanyakazi wa hoteli hawakuwatupa nje, chai ilipatikana, na usiku ule watoto wa Stepney walijikinga chini ya dari moja na matajiri. Katika mwezi huohuo wakazi wa London walianza kujazana kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi usiku, na serikali, iliyokuwa ikiwazuia, ikalegeza msimamo. Kwa maoni yangu usiku ule mmoja unaipa Savoy heshima kubwa kuliko orodha nzima ya wafalme waliowahi kula mgahawani kwake.

Halafu kuna Lutetia ya Paris. Ilifunguliwa mwaka 1910 upande wa kushoto wa mto Seine, na kusudi la waanzilishi lilikuwa la kibiashara kabisa: kuwapa malazi wateja wa duka kubwa la Bon Marché wanaotoka mikoani. Mwaka 1940 idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani iliichukua ikaifanya makao yake. Vita vilipokwisha mwaka 1945, hoteli ileile ikageuzwa kituo cha kuwapokea wale waliorudi kutoka kambi za mateso. Maelfu walipita pale, wamekonda mifupa mitupu, wengine wakiwa bado na nguo za kambini. Na mjini nje, familia zilikuja kila siku na picha za ndugu zao waliopotea, zikazibandika kwenye mbao, zikamwuliza kila anayeshuka kwenye basi kama amemwona huyu, kama amemwona yule. Hayo yalitokea ukumbini, kwenye mlango wa hoteli ya kifahari, kwa sababu Paris ilihitaji mahali pakubwa, panapojulikana na kila mtu, palipo katikati. Mgeni anayelala Lutetia leo bila kujua hilo amelipia mapambo tu.

Mumbai pia wanalijua jambo hili kwa uchungu. Taj Mahal Palace, iliyojengwa na Jamsetji Tata, tajiri wa viwanda wa Kihindi, na kufunguliwa mwaka 1903, ilikuwa hoteli ya hadhi ya juu ambayo Wahindi waliingia kama wageni halali, katika mji ambao vilabu vya Wazungu vilikuwa vimewafungia milango. Kuna simulizi inayorudiwa sana kwamba Tata aliijenga baada ya kukataliwa kwenye hoteli ya Wazungu. Wanahistoria wana mashaka nayo, na kwangu haibadilishi kitu, kwa kuwa mlango uliofunguka ndio ushahidi. Magaidi waliposhambulia mji mwezi Novemba 2008, wafanyakazi wengi wa Taj walibaki ndani kuwaongoza wageni kwenye usalama, na baadhi yao waliuawa. Sehemu ya kale ya jengo ilifunguliwa tena tarehe 15 Agosti 2010, siku ya uhuru wa India. Tarehe hiyo ilikuwa na maana kwa taifa zima, hata kwa watu ambao hawatawahi kulala humo.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo mambo yanapoharibika.

Chumba cha hoteli kinauzwa usiku mmoja mmoja, na kila usiku kisipouzwa ni hasara isiyorudi. Fleti inauzwa mara moja, kwa mamilioni, na aliyeuza anaondoka na fedha zake. Kwa mwekezaji aliyenunua jengo la kale katikati ya mji wenye ardhi ghali, hesabu hii haimpi usingizi. The Plaza ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1907, ndiyo ambayo mwaka 1985 mawaziri wa fedha wa nchi tano tajiri walikutana humo kukubaliana kushusha thamani ya dola. Makubaliano yale bado yanaitwa kwa jina la hoteli. Mwaka 2005 ilifungwa ili sehemu kubwa igeuzwe fleti. Chama cha wafanyakazi wa hoteli kilipambana, meya akaingilia kati, na makubaliano yakaongeza idadi ya vyumba vya hoteli vitakavyobaki. Hata hivyo, ilipofunguliwa tena mwaka 2008, vyumba 805 vilikuwa vimebaki 282.

Waldorf ilifuata njia hiyohiyo. Kampuni ya bima ya China, Anbang, iliinunua kwa dola bilioni 1.95, bei ambayo wakati ule haikuwahi kulipwa kwa hoteli moja nchini Marekani. Ilifungwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata serikali ya China iliichukua Anbang yenyewe, na hoteli ikabaki gizani miaka minane, hadi 2025. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 1,400. Sasa ina 375, na juu yake kuna fleti 372 za kuuza.

Lakini kuna jambo lililotokea mwezi Machi 2017, siku chache baada ya milango kufungwa, ambalo linanipa matumaini kuliko ukarabati wenyewe. Tume ya mji wa New York inayolinda majengo ya kihistoria ilitangaza kumbi za ndani za Waldorf kuwa urithi unaolindwa kisheria. Sheria ya mji huo, tangu marekebisho ya 1973, inaruhusu kulinda sehemu ya ndani ya jengo kwa sharti moja kubwa: iwe ni sehemu ambayo kwa kawaida iko wazi kwa umma. Chumba cha kulala, hata kama alikilalia rais, hakiwezi kulindwa kwa sheria hiyo. Korido ya tausi inaweza. Watunga sheria walifika, kwa njia yao, mahali palepale walipofika wale waliookoa ukumbi wa Wright.

Upungufu wa sheria hiyo ni kwamba inalinda marumaru, haimlindi anayepita juu yake. Inazuia kubomoa ngazi, haizuii kuweka kamba ya hariri mbele yake na mlinzi wa kuuliza namba ya chumba. Ukumbi unaweza kung'arishwa ukarudi kama ulivyokuwa mwaka 1931, kila taa mahali pake, na bado ukawa umekufa, kwa kuwa waliokuwa wakiujaza hawaruhusiwi tena au wanajisikia hawaruhusiwi. Bei ya kikombe cha kahawa inaweza kufanya kazi ya kamba vizuri kuliko kamba yenyewe.

Wamiliki wana jibu lao, na ni la haki kiasi. Kukarabati jengo la miaka mia ni kazi ya gharama isiyotabirika: unafungua ukuta kwa ajili ya bomba moja unakuta nyaya zote zimeoza. Mabomba ya kuzima moto, njia za watu wenye ulemavu, mitambo ya hewa, yote lazima yapitishwe ndani ya mifupa ambayo huruhusiwi kuigusa. Fedha hizo zitoke wapi kama fleti haziuzwi? Na hoteli ikishindwa kujilipia, mwisho wake unajulikana. Grande Hotel ya Beira, Msumbiji, ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950 kwa fahari kubwa, ikiwa na kumbi pana na bwawa la kuogelea, na haikumaliza miaka kumi kama hoteli. Leo maelfu ya watu wanaishi ndani ya zege lile tupu, bila maji ya bomba wala umeme wa uhakika.

Nakubali hoja ya gharama. Sikubali hitimisho lake. Beira inathibitisha kinyume cha kile inachotajiwa: hoteli ile ilijengwa kwa ajili ya matajiri ambao hawakuja kwa idadi ya kutosha, katika mji wa kikoloni ambao wakazi wake wengi hawakutakiwa kuvuka kizingiti chake. Ilikuwa na kumbi bila watu wa kuzijaza. Hoteli inayoondoa theluthi mbili ya vyumba vyake na kuuza orofa za juu kwa watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka inajielekeza hukohuko, ila kwa starehe zaidi. Wageni wachache wanamaanisha wahudumu wachache, karamu chache, na ukumbi ambao jioni una watu sita. Kuuza baadhi ya orofa kunaweza kuliokoa jengo. Miji ina haki ya kudai, kabla ya kutoa kibali, kwamba idadi ya vyumba isishuke chini ya kiwango cha kuufanya ukumbi uishi, na kwamba sakafu ya chini ibaki wazi kwa asiye mgeni, kwa saa na masharti yaliyoandikwa. Kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo ni zawadi yenye thamani ya mamilioni. Mji unaoitoa bure umelaghaiwa.

Neno moja kuhusu majina, kwa haraka. Hoteli ya Ritz ya Paris na mnyororo wa Ritz-Carlton ni biashara mbili tofauti; huo wa pili uko chini ya Marriott. Mara nyingi mwenye jengo ni kampuni moja, mwendeshaji ni nyingine, na jina limekodishwa kwa mkataba unaoweza kuisha. Adlon ya Berlin ya leo ilifunguliwa mwaka 1997. Ile ya 1907 iliteketea mwishoni mwa vita, mwaka 1945. Hakuna ubaya katika hilo mradi mgeni aambiwe kama anachokinunua ni jengo la kale, jina la kale au vyote viwili.

Kwa anayepanga kwenda, basi, ushauri wangu unatokana na haya yote. Usimalizie akiba yako kwenye vyumba vikubwa vyenye sebule za kifahari. Chukua chumba cha kawaida, lakini piga simu kabla na uulize kwa undani: kiko orofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi, bafu lilikuwa sehemu ya mchoro wa mwanzo au liliongezwa, lifti inapita ukuta wa jirani? Watu wa mapokezi katika hoteli hizi hujua vyumba vyao mmoja mmoja, kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake, na ukiuliza kwa heshima watakuambia kipi cha kukwepa. Fedha uliyookoa itumie chini. Kaa ukumbini asubuhi, wakati wafanyabiashara wanapokutana, na tena jioni. Zungumza na bawabu aliyekaa muda mrefu kuliko wengine wote. Yeye ndiye anayejua jengo lilikuwaje kabla ya ukarabati, na nani alikuwa akija ambaye haji tena.

Na kuna swali moja la kuuliza kabla hujalipa chochote. Uliza kama rafiki yako anayeishi mjini, asiye na chumba hapo, anaweza kuja kukungoja ukumbini bila kununua kitu na bila kuulizwa anamfuata nani. Ukiambiwa anaweza, lipa. Ukiambiwa hawezi, kitanda kizuri kama hicho kinapatikana kwenye hoteli mpya iliyo jirani kwa bei ndogo zaidi, tena chenye bafu kubwa na madirisha yanayozuia kelele.